Njia ya Mchanga Kwa Cicily

4 Oktoba 1973

Daftari hili nimelichukua kwenye kabati la ofisi kule Meru mjini bila ruhusa, na sijutii. Lingebaki pale lingeandikwa mahudhurio ya watu wasiohudhuria.

Leo tumefika Mikinduri kwa lori la serikali: mahema manne, meza mbili za kuchorea, sanduku la picha zilizopigwa kutoka angani, na Bwana Salesio. Katika mzigo wote huo, ni Salesio tu tungeweza kumwacha njiani na kazi isiharibike. Yeye ndiye ofisa wetu wa ardhi. Ametoka Kiirua, na hatupitishi saa nzima bila kuambiwa habari za Kiirua: viazi vya Kiirua, baridi ya Kiirua, watu wa Kiirua wanaojua kumheshimu mkubwa. Njagi, mpimaji wetu kutoka Embu, ananiambia chini chini kwamba mtu akisifu kwao namna hiyo, ujue kwao walimchoka.

Mimi ni mchoraji ramani. Nilisomea Nairobi miaka miwili jinsi ya kuisoma ardhi kutoka juu. Kwa kuwa mimi ndiye mwanamke peke yangu kambini, Salesio amenikabidhi kalamu, wino, picha na birika la chai.

Mama yangu anaishi mwendo wa saa moja kutoka hapa. Nilisoma kwa bidii ili niwatoroke watu wa tarafa hii, na serikali imenirudisha kwao kwa mshahara.

6 Oktoba

Mvua. Hema la Salesio linavuja. Nimefurahi.

9 Oktoba

Baraza. Salesio alisimama juu ya sanduku la picha zangu, na viatu vyake vyenye tope.

"Wananchi, sikilizeni maneno ya serikali. Mwezi ya kwanza, wakati mawingu imeisha, ndege itapita hapa ipige picha. Kila mtu apande ua kwa mpaka yake, kutoka barabara ya juu mpaka mto ya chini. Ile kitu itaonekana kwa picha, itachorwa. Ile haitaonekana, haiko. Photograph haidanganyi. Na shamba ikichorwa, itaandikwa yule anaishi ndani yake na kulima."

Huku kwetu mashamba ni mikanda mirefu. Kila moja linaanza barabarani juu ya kilima na kuteremka hadi mtoni, ili kila mtu apate njia na kila mtu apate maji. Kwa hiyo mtu akitaka kukuibia hahitaji jeshi. Anahitaji kufuta mstari mmoja tu.

Mzee mmoja aliinuka akauliza, "Bwana ofisa, hiyo ndege itaona mpaka ndani ya nyumba?"

"Itaona kila kitu," akasema Salesio, ambaye hajawahi kushika picha ya angani ila kwa kufunikia chai.

Wanaume kadhaa waliangalia chini. Nilicheka hadi kalamu ikaniponyoka. Hawa ndio watu wanaotaka hati za mashamba.

14 Oktoba

Jumapili. Nilikwenda kanisani na mama, kisha nyumbani. Sikuwa nimefika tangu mazishi ya baba.

Baba yangu, Elphas, alinizaa mimi peke yangu, kosa ambalo ukoo haujamsamehe hata kaburini. Shamba lake na la mdogo wake Mithika yamepakana. Kwa nje yamezungukwa na miti ya mikinduri aliyoipanda babu, inayoonekana hata na kipofu. Katikati, kati ya ndugu hao wawili, palikuwa na mstari wa makonge kutoka barabarani hadi mtoni. Leo nimetafuta makonge yale sikuyaona. Pamebaki mashimo, na juu ya mashimo maharagwe ya Mithika.

"Mama, makonge yako wapi?"

"Baba yako mdogo aliyang'oa. Alisema ndugu hawawekeani miiba."

"Nawe ukasema nini?"

"Nikasema sawa."

Nikamweleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto wa darasa la kwanza. Ndege ikipita na hapa katikati hapana mstari, picha itaonyesha shamba moja. Shamba moja litaandikwa jina moja, na jina hilo halitakuwa lake la Cicily. Mithika ni mwanachama wa kamati ya ardhi. Akishapata hati, siku atakayoamka vibaya atamwambia mama afungashe.

"Kunywa chai, Kiende," akasema mama.

Mama yangu akikanyagwa huuliza kama mguu uliomkanyaga umeumia. Nampenda, lakini siwezi kumheshimu kwa hilo, na naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu yeyote.

Mithika mwenyewe alikuja, akaketi kwenye kiti cha baba bila kuulizwa. "Kiende, umekuja na ndege yako?" Kisha, "Shamba ni ya ukoo. Wewe utaolewa. Mama yako atakaa hapa mpaka Mungu amuite. Nani atamfukuza? Mimi?" Akacheka, akaomba chai. Mama akampa, na sukari akamtilia yeye.

18 Oktoba

Nilimweleza Salesio. Alinisikiliza huku akijichokonoa meno. "Madam Kiende, mambo ya familia usiniletee kwa kambi. Umesoma kuchora ile iko kwa picha, chora ile iko kwa picha. Ukianza kuchorea mama, kesho Njagi atachorea nyanya. Nitakurudisha Meru." Debe tupu, lakini safari hii lilivuma kweli: yeye ndiye anayeandika ripoti yangu.

27 Oktoba

Nimepanda minyaa na mama pale makonge yalipokuwa. Mikono inawasha kwa utomvu. Mama alipanda kwa kunyamaza na mstari wake ulinyooka kuliko wangu.

3 Novemba

Minyaa imeng'olewa. Mithika anasema ni ng'ombe waliopita. Hakuna mnyama duniani anayekula mnyaa, utomvu wake hupofusha, na ng'ombe gani huyu anayeng'oa miche na kuipanga kando mafungu mafungu? Nilipomwambia hivyo mbele ya wazee wawili wa kamati, mmoja aliniuliza kwa nini bado sijaolewa. Niliondoka kabla sijasema la kusema.

4 Novemba

Mvua kubwa.

5 Novemba

Mvua. Birika limepata tundu. Salesio anadhani ni mimi.

11 Novemba

Leo sikuwa na kazi, nikafungua picha za zamani za kilima cha ng'ambo, zilizopigwa miaka kadhaa iliyopita. Picha moja peke yake ni bapa. Ukiweka mbili bega kwa bega chini ya ile miwani yetu ya miguu minne, na kuangalia kwa macho yote mawili, vilima vinainuka na mabonde yanazama, na unaona nyumba kama punje.

Nilikuwa natafuta nyua. Nyua za zamani zinaonekana vizuri, nyeusi. Nyua za mwaka huo huo hazionekani kabisa. Yaani tarafa nzima inapanda vijiti kwenye mvua, kwa amri ya Salesio, na mwezi wa kwanza vijiti hivyo havitaonekana! Nilikaribia kwenda kumwambia. Kisha nikafikiria jinsi atakavyouliza kama chai iko tayari, nikabaki.

Lakini kuna kitu kilichong'aa: njia. Udongo uliokanyagwa na miguu kila siku ukawa mgumu unarudisha mwanga. Hata kinjia cha mbuzi kilikuwa cheupe kuliko ua wa tajiri, kama uzi uliodondoka juu ya picha. Nikasimama ghafla hadi Njagi akauliza kama nimeumwa na nyuki.

Mama hahitaji kupanda kitu. Anahitaji miguu.

12 Novemba

Nilifika kwa mama kabla hajaenda kuteka maji, nikamweleza. Nilitegemea aseme "kunywa chai". Akafikiri kidogo akasema, "Kina mama wa kanisa tunabeba mchanga kutoka mtoni wa kujengea kanisa. Tunazungukia kule kwa daraja, ni mbali. Tungepita hapa ingekuwa fupi."

"Na Mithika?"

"Si ndiye mwenyekiti wa ujenzi?"

Nilikuwa nimesahau. Mithika, mwizi wa wajane, ndiye mwenyekiti wa kujenga nyumba ya Mungu.

18 Novemba

Baada ya misa mama alimwendea Mithika mbele ya padre, ameinamisha kichwa, akamwomba ruhusa kina mama wapitishe mchanga pale katikati ya mashamba. Mithika alifungua mikono kama askofu. "Piteni, piteni. Hiyo ni kazi ya Mungu. Nani mimi nikatae?" Padre akampongeza. Maharagwe yake yatakanyagwa na yeye amepongezwa. Sikulala kwa furaha.

24 Novemba

Wanapita asubuhi kwa mstari mmoja, mchanga kichwani, wakiimba. Njia imeanza kuonekana. Mbele huwa Felicitas, jirani ya mama, mjane mwenye mdomo usiofungwa, anayejua habari ya kila nyumba na kuziongezea chumvi. Yule akijua siri, ni afadhali uitangaze kwa redio.

1 Desemba

Nilisema! Nilisema juu ya Felicitas na mdomo wake, kumbe wa kuogopewa ni mama.

Leo nimefika sikuwaona. Nikasikia wimbo ng'ambo, kwenye mpaka wa Felicitas na shemeji zake. Mchanga kichwani, mstari mmoja, na mama yumo katikati.

"Mama, mnafanya nini kule?"

"Felicitas naye amesumbuliwa. Leo tumepita kwake. Kesho kutwa tutapita kwa Kanyua, ana wasichana watupu."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia ndege inaona njia."

Nilipiga kelele, na nilimpigia mama yangu mwenyewe. Nikamwambia njia ni miguu, na miguu ikigawanywa hakuna njia itakayoonekana hata moja. Nikamwambia wale wanawake si jukumu lake, hakuna hata mmoja aliyekuja Mithika alipong'oa makonge. Nikamwambia hana akili. Akaningoja nimalize.

"Peke yangu ningepita mara ngapi?" akasema. "Miguu ni yao."

Nimerudi kambini nikiwa na hasira. Kumpigia mbuzi gitaa ni kazi nyepesi kuliko kuongea na mama.

12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Saa nne hivi ndege ndogo ilikuja chini chini kutoka upande wa Meru. Ni ile inayomleta daktari wa misheni, namba yake naijua. Lakini ungewaona! Tarafa nzima ilikimbia mashambani. Walikuwa wameweka nguo tayari. Wanaume walisimama kando ya vijiti vyao wamevaa makoti na kofia, wake zao nyuma, watoto wamepakwa mafuta, wote wametazama juu bila kutikisika kama wako studio. Mzee mmoja alikuwa ameinua mbuzi wake dume juu ili aonekane. Mithika alivaa tai. Alisimama katikati kabisa ya mashamba mawili, mkono mmoja upande wake, mwingine upande wa mama, na ndege ikapita.

Basi wanaamini kazi imekwisha. Salesio anajua kwamba si ile, nami najua. Yeye amenyamaza kwa uvivu, mimi kwa dharau.

20 Desemba

Mbuzi wameachiliwa kwenye nyua. Vijiti vingine vimekuwa kuni za Krismasi. Mama amewaambia kina mama kwamba ile haikuwa ndege yenyewe; wengine wamewaambia waume zao, na waume wamewaambia wanyamaze. Kanisa bado halijafika kwenye madirisha, kwa hiyo mchanga unaendelea.

25 Desemba

Mama alimpikia Mithika na familia yake. Niliosha vyombo.

9 Januari 1974

Jua kali. Njia ya kwa mama imekuwa ngumu, nyeupe, inateleza. Mithika amemlalamikia padre kwamba kina mama wanamwaga mchanga kwenye maharagwe. Padre amemwambia Mungu atamlipa.

23 Januari

Imepita.

Nilikuwa nje na Njagi tukinyoosha mnyororo wa kupimia. Sauti ndogo sana, kama ya mbu aliye chumba cha pili. Nikakinga macho. Juu kabisa, kitu kiling'aa mara moja kwenye jua, kikaenda moja kwa moja, kikageuka mbali, kikarudi sambamba. Mara nyingi hivyo. Chini, watu walikuwa wakichuma miraa, wakikemea mbuzi, wakigombania bei. Hakuna aliyeinua kichwa, isipokuwa Njagi na mimi.

"Mawingu kidogo," akasema Njagi.

"Machache," nikasema. Angani palikuwa na vibonge vitatu au vinne tu. Sikuvifikiria.

10 Februari

Picha hazijaja. Salesio ana mafua ya Kiirua, ambayo ni makali kuliko ya kwetu.

26 Februari

Bado.

5 Machi

Zimekuja.

Salesio alikuwa amekwenda kunyoa. Nilifunga mlango wa hema, nikapanga picha chini ya miwani. Nikaanzia kanisani, nikafuata barabara ya juu, nikaihesabu miti ya babu. Na pale penye nyumba ya mama palikuwa na wingu.

Wingu moja, dogo, nene. Limekaa juu ya shamba la baba na la Mithika tangu barabarani hadi karibu na mto, na kivuli chake kimelala kando. Niliangalia picha ya pili, ya tatu. Limo katika zote. Niliifuta picha kwa kitambaa, mimi niliyesoma, kama wingu lingeweza kupanguswa.

Ilinichukua muda kuona vingine. Kisha nikaviona. Toka kwa Felicitas hadi mtoni, uzi mweupe. Kwa Kanyua, uzi mweupe. Kwa mjane wa fundi wa baiskeli, kwa yule dada aliyerudi kutoka kwa mume, kwa nyumba ambazo hata sikujua kwamba zina shida. Kilima kizima kimeteremkiwa na nyuzi nyeupe ambazo hakuna mwanamume aliyezipanda. Nyua mpya za wanaume hazionekani hata moja, zimeliwa na mbuzi.

Salesio aliingia akainama juu ya miwani. "Hawa wanawake wa hapa wanatembea-tembea namna hii wanaenda wapi?"

"Mtoni," nikasema.

"Hii yote? Haya. Inatoka barabara, inafika mto, ni mpaka. Chora."

Nimechora siku nzima. Kila mstari niliochora ni wa mama, isipokuwa wake. Miguu aliwapa yeye, na mimi nilimwita hana akili kwa sababu yao. Nilikuwa na wivu juu ya kila mmoja wa wanawake wale, na nilikuwa na haya, na nililia juu ya wino hadi Njagi akanipa leso yake, ambayo haikuwa safi.

Kuhusu wingu, Salesio ana sheria: penye wingu, tunakwenda na mnyororo kupima kilichoko ardhini, kamati ikiwepo. Tarehe 14. Mithika ameshapelekewa habari. Amenunulia kamati mbuzi.

6 Machi

Nilimwambia mama habari ya wingu. Nilitegemea alie. Aliuliza kama shamba la Kanyua limeonekana. Nikasema limeonekana vizuri. Akasema, "Ana wasichana watupu, yule," akaendelea kuchambua wimbi.

12 Machi

Mvua ya kwanza ya masika usiku. Udongo umelainika.

14 Machi

Naandika haraka kabla sijasahau jinsi kila mtu alivyosimama.

Tulifika saa tatu na nusu: Salesio, Njagi na mnyororo, mimi na ubao wa kuchorea. Kamati ilikuwa barabarani tayari, wazee saba, midomo bado inang'aa kwa mafuta ya mbuzi wa jana. Kina mama walikuwa wamekaa ukingoni na makarai yao ya mchanga, Felicitas akiongea. Nilitazama chini kuelekea mtoni nikaona njia haipo.

Badala yake palikuwa na udongo uliogeuzwa. Mkanda mwembamba, upana wa jembe moja na nusu, umelimwa tangu ukingo wa barabara hadi mtoni, umenyooka, mwekundu mbichi. Kushoto nyasi, kulia maharagwe yaliyokauka, hakuna pengine palipoguswa hata bonge moja. Na kutoka huko chini akapanda Mithika, jembe begani, tope hadi magotini, koti analovaa kanisani limeloa jasho mgongoni. Hakuwahi kulima hivyo tangu nimjue. Lazima alianza giza halijaisha.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie mbele ya wote kile nilichokiweka moyoni tangu Oktoba. Mama akanigusa mkono. "Ngoja," akasema.

Salesio aliuangalia ule mkanda juu hadi chini. Simpendi, na sitaanza leo, lakini Salesio anachukia jambo moja kuliko sisi watu wa huku Tigania, nalo ni kupotezewa muda.

"Nani amechimba hii mpaka?" akauliza.

Wazee wa kamati waliangalia mikono ya Mithika. Ilikuwa na malengelenge.

"Si mpaka, bwana ofisa," akasema Mithika, akihema. "Mvua imenyesha, nimeanza kutayarisha shamba."

"Umetayarisha njia moja tu? Hata mihogo haitoshei hapa."

"Nilikuwa nafuta tu ile njia ya hawa wanawake."

"Njia ilikuwa inapita wapi?"

"Hapa hapa. Walikuwa wanapita kila siku kwa mpaka ya—"

Kamati nzima ilikuwa imesikia. Mzee aliyekuwa ameniuliza habari za kuolewa alikohoa. Felicitas alicheka kwanza, kisha kina mama wote. Nilingoja mzee hata mmoja amtetee kwa ajili ya mbuzi wa jana. Hakuna. Walikuwa wameshashiba.

"Mzee, umenirahisishia kazi," akasema Salesio. "Hata ndege haingechora mzuri kama hii. Njagi, nyororo."

Njagi aliulaza mnyororo juu ya udongo ule mwekundu, nami nikawa nasoma vipimo na kuandika. Hatukuhitaji kuuliza mahali pa kupita. Mithika alikuwa amepachora mwenyewe kwa jembe, toka juu hadi chini, bila kupinda. Salesio aliandika jina la mama kwenye karatasi ya kambi, akaniuliza kama Cicily huandikwa kwa i mbili. Nikasema ndiyo.

Tulipopanda tena juu, mama alikuwa ametoka nyumbani na kibuyu kikubwa cha uji wa wimbi. Ulikuwa wa moto. Uji wa wimbi kwa watu wote wale haupikwi kwa dakika chache.

"Mama, umepika saa ngapi?" nikamnong'oneza.

"Nilimwona kukipambazuka. Alikuwa hajafika hata kwenye mparachichi. Nikasema nikipiga kelele ataacha. Nikaweka sufuria motoni."

Nilimtazama mama yangu. Miaka yote nimejiona mimi ndiye mwenye dharau katika familia hii, nikamhurumia yeye kwa kuikosa. Nina dharau ya kelele tu. Yake ilikuwa imekaa kimya jikoni tangu baba alipokufa, ikitia watu sukari, na ni kubwa kuliko yangu mara kumi. Niliona fahari hadi nikaogopa kidogo.

Mama akampita Salesio, akawapita wazee wote saba wa kamati, akaenda moja kwa moja kwa Mithika, akainama kama kawaida yake.

"Shemeji, pole kwa kazi," akasema kwa sauti ya kusikika. "Umenilimia tangu asubuhi hujala kitu."

Kwetu mtu akikulimia shamba, akifika mwisho wa mstari unampa uji. Hivyo ndivyo kibarua anavyopokewa. Aliyelima shamba lake mwenyewe huletewa uji na mke wake. Mke wa Mithika alikuwa pale, kati ya kina mama wa mchanga, na hakusogea. Na kukataa uji mbele ya watu ni kumwambia anayekupa kwamba ni mchawi, na faini ya kesi ya namna hiyo ni mbuzi zaidi ya mmoja.

Mithika alikitazama kibuyu, akaitazama kamati. Jembe akaliweka chini. Akakipokea kwa mikono miwili yenye malengelenge, akanywa, na kina mama wakanyamaza wote kusikia akimeza. Mama alisimama mbele yake mpaka akamaliza, kisha akamuuliza kama aongezewe.